Kuchagua matairi ya majira ya baridi kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma

Theluji inapoanza kuanguka, wenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma huwa na hofu moja: je, gari litaondoka hapa lilipo? Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wachague matairi vibaya. Mimi pia nilianza nayo. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilifunga matairi mawili mapya ya theluji nyuma, ya kiangazi nikayaacha mbele, kama nilivyoshauriwa dukani. Gari liliondoka vizuri sana. Kwenye mteremko wa kwanza nikakanyaga breki, nikakata usukani, na gari likaenda mbele moja kwa moja kana kwamba usukani haujaungwa na kitu chochote. Lilisimama ndani ya rundo la theluji kando ya barabara. Sikuumia, lakini tangu siku hiyo anayeniuliza habari za matairi namwanzia hapo: chagua matairi ya kukusimamisha na kukukatia kona. Gari likiweza hayo mawili, kuondoka halitashindwa.

Kwanza, ujue gari lako lina tabia gani

Fikiria mkokoteni uliopakiwa mzigo kwenye njia ya utelezi. Ukiuvuta kwa mbele, nyuma inakufuata. Ukiusukuma kwa nyuma, gurudumu moja likiteleza kidogo tu, mkokoteni mzima unataka kugeuka ubavu. Gari lako ni huo wa kusukumwa. Katika magari mengi ya aina hii injini iko mbele na uzito wake unalalia magurudumu ya mbele, ilhali kazi ya kusukuma inafanywa na ya nyuma. Magari yaliyogawa uzito karibu nusu kwa nusu yana nafuu. Pikapu tupu ndiyo yenye taabu kuliko yote, kwa sababu nyuma hakuna kitu cha kuikandamiza ekseli.

Kila mtu anajua kwamba ukikanyaga mafuta kwenye kona mkia utateleza. Wengi hawajui kwamba hata kuachia mafuta ghafla ukiwa gia ndogo kunafanya vilevile: injini inayazuia magurudumu ya nyuma peke yake, karibu kama mtu aliyevuta breki ya mkono, na mkia unatoka. Tena breki ikikanyagwa kwenye mteremko, uzito unahamia mbele na nyuma inabaki nyepesi. Kwa hiyo matairi ya nyuma yanahitaji kushika hata pale ambapo hayasukumi chochote.

Lakini gari hili lina sifa nzuri ambayo haisemwi sana. Magurudumu yake ya mbele hayana kazi ya kusukuma. Nguvu yao yote ya kushika barabara ni ya usukani na breki. Lipe matairi manne yanayofaa na utaliona linavyotii.

Hatua ya 1: Jua baridi unayokabiliana nayo

Mpira wa tairi la kiangazi umetengenezwa kwa ajili ya joto. Kuanzia takriban nyuzi joto 7 za Selsiasi kwenda chini huanza kukakamaa, na unavyozidi kukakamaa ndivyo unavyoshindwa kujibana kwenye vijitundu vya lami. Ndiyo maana hata barabara iwe kavu kabisa, bila chembe ya theluji, asubuhi ya baridi kali breki zako zitakufikisha mbali kuliko ulivyozoea. Mpira wa tairi la baridi una mchanganyiko mwingine, wenye silika (unga wa madini ya jamii ya mchanga) kwa wingi, unaobaki laini kwenye baridi hiyo. Usisubiri theluji ndipo ubadilishe matairi, fuata kipimajoto.

Uso wa tairi nao una kazi yake. Kashata, yaani yale matofali ya mpira yanayokanyaga barabara, zimechanjwa mikato myembamba mamia kwa mamia. Tairi linapokandamizwa, mikato hiyo hufunguka na kingo zake hung'ang'ania barafu, na hufyonza ule utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu. Mifereji mipana kati ya kashata hubeba theluji yenyewe, na hilo ni jema, kwa sababu theluji hushikana na theluji, kama unavyoona ukiifinyanga mkononi ikawa tonge.

Sasa jiulize barabara zako za kila siku zikoje. Kuna makundi manne ya matairi.

Matairi ya misimu yote yanafaa pale ambapo baridi ni ya wastani, theluji huja siku chache na kuondoka, na barabara husafishwa mapema. Kwa gari la kusukumwa nyuma ningeyakubali kwa mtu anayeweza kuliacha gari nyumbani siku mbaya. Anayelazimika kutoka alfajiri kila siku, hali iweje, asiyategemee.

Kundi la pili ni matairi ya baridi ya mtindo wa Ulaya ya Kati. Yametengenezwa kwa mvua baridi, theluji iliyoloa na barabara kuu za mwendo mkubwa, na hayalegei mkononi ukienda kasi. La tatu ni yale ya mtindo wa nchi za kaskazini yasiyo na misumari, yenye mpira laini zaidi na mikato mingi zaidi, kwa barabara zinazobaki nyeupe wiki nyingi mfululizo. Ukiyaendesha sana kwenye lami yenye unyevu na joto la nyuzi 8 au 10, utayaona yanayumbayumba na kuisha haraka, na breki zake kwenye maji si nzuri. Nimeona watu wakiyanunua kwa sababu jina la kaskazini linatia moyo, kumbe mji wao una mvua tu.

La nne ni matairi ya misumari, yaliyopachikwa vijisumari vya chuma usoni. Ubora wake mkubwa uko kwenye barafu iliyo karibu na nyuzi 0. Barafu ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana juu yake pana utando wa maji. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu, na mpira laini peke yake huishika vya kutosha. Kwa hiyo usipime kwa ukali wa baridi. Ukikaa mahali ambapo theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, msimu mzima, kwenye milima, misumari ina maana. Ubaya wake ni kelele, na pia huchimba lami na kutoa vumbi. Nchi nyingine huyaruhusu kwa miezi maalumu tu, nyingine hazitaki kuyaona: Ujerumani imeyapiga marufuku kwenye barabara zake za kawaida, na Japani ilitunga sheria ya kuyadhibiti mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi hilo.

Sheria uzisome kabla ya kutoa pesa. Sweden hudai matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zikiwa katika hali ya baridi, yenye kina cha kashata kisichopungua milimita 3. Austria hudai milimita 4. Quebec, Kanada, huyadai kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, barabara iwe nyeupe au isiwe.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi, usisome tangazo

Kuna herufi M+S, zenye maana ya matope na theluji. Mtengenezaji hujiwekea mwenyewe kwa kutazama umbo la kashata, bila tairi kupita mtihani wowote wa theluji. Usizinunulie tairi.

Alama unayoitafuta ni ya mlima wenye vilele vitatu, na chembe ya theluji ndani yake. Hii ilianza kutumika Amerika Kaskazini mwaka 1999, na tairi huipata baada ya kupimwa kwenye theluji na kulishinda tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Ujerumani, tangu 1 Oktoba 2024, matairi yenye M+S peke yake hayahesabiki tena kuwa ya baridi. Lazima yawe na mlima.

Hata hivyo mlima nao una mipaka. Kipimo chake ni cha theluji iliyoshindiliwa, gari likienda kwa mstari ulionyooka. Hakipimi kona, hakipimi barafu, na sisi wenye mkia mwepesi shida yetu iko hasa huko. Kwenye lebo ya matairi inayotumika Umoja wa Ulaya tangu Mei 2021 kuna alama nyingine ya pekee kwa tairi lililofaulu kwenye barafu. Anayekaa kwenye barafu aitafute hiyo. Baada ya hapo soma majaribio huru yaliyolinganisha matairi ya saizi yako, na macho yako yaende kwenye safu ya kona na ya breki kabla ya safu ya kuondoka.

Hatua ya 3: Manne, ya aina moja

Hapa sina mjadala na mtu. Nimeshasema ilivyokuwa kwangu kuweka mawili nyuma: mbele hakushiki, na mbele ndiko kunakofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kuweka mawili mbele ni hatari zaidi. Mbele itashika, nyuma itaendelea na mwendo wake, na gari litageuka kama pia kabla hujajua la kufanya. Hakuna mfumo wa umeme unaoweza kuokoa hali hiyo, kwa sababu mfumo wa kuzuia kuteleza hugawa tu mshiko uliopo. Pasipo na mshiko hauna cha kugawa.

Manne maana yake ni jina moja, muundo mmoja, na umri unaokaribiana. Usichanganye ya misumari na yasiyo nayo. Kama mawili yameisha zaidi ya mengine, yenye kashata ndefu yaende nyuma, na hili ni kweli kwa gari lolote, lisukumwe na magurudumu gani. Ukiwa na pesa ya mawili tu, shauri langu ni kutafuta manne ya bei ya chini yenye alama ya mlima, uache mawili ya kifahari.

Hatua ya 4: Saizi, na yale magari yenye matairi mapana nyuma

Hapa ndipo wenye magari haya wanapopotea zaidi, kwa hiyo tuende polepole.

Kwenye theluji iliyolegea, tairi jembamba huzama hadi kufikia sehemu ngumu chini na kushika. Pana hupanda juu ya theluji na kuelea. Ndivyo ilivyo pia kwenye theluji iliyoyeyuka nusu, ile inayofanana na uji mzito: jembamba huipasua. Kwenye barafu tupu upana hauna uzito huo, mpira na mikato ndivyo vinavyoamua, na kwenye lami kavu jembamba hupoteza kidogo. Mimi huchagua saizi nyembamba kuliko zote zilizoorodheshwa na mtengenezaji wa gari. Orodha hiyo iko kwenye kitabu cha gari, mara nyingi pia kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Chukua mfano. Gari lina 225/45R17. Upana ni milimita 225, ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni ya inchi 17. Kimo chote: 17 mara 25.4 ni 431.8, ubavu mmoja ni 101.25, mara mbili ni 202.5, jumla milimita 634.3. Sasa pima 205/55R16 kwa njia hiyo hiyo utapata 631.9. Tofauti ni milimita mbili na nusu tu, spidomita haitadanganya, tairi ni jembamba, ubavu ni mrefu na unavumilia mashimo yaliyofichwa na theluji, na matairi ya inchi 16 kwa kawaida ni nafuu kuliko ya 17. Kitu cha kuhakikisha ni kwamba rimu ndogo inazipita kalipa za breki, yaani vile vibanio vinavyobana diski ya breki. Matoleo yenye injini kubwa mara nyingi yana breki kubwa zisizokubali rimu ndogo.

Kisha kuna magari yaliyotoka kiwandani na saizi mbili, mfano 225/45R18 mbele na 255/40R18 nyuma. Upana ule wa nyuma uliwekwa kwa ajili ya lami ya kiangazi. Theluji inapokuja, unayo ekseli nyepesi iliyobebeshwa matairi yanayoelea, na nyuma haiwezi tena kufuata njia iliyochimbwa na magurudumu ya mbele. Kama mtengenezaji anaruhusu saizi moja pande zote, ichukue. Kwa mfano huu ni 225/45R18 kotekote, na vimo vinakaribiana sana: 659.7 kwa 661.2. Utapata pia faida ya kuyahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele ili yaishe sawasawa, jambo lisilowezekana kwenye saizi mbili.

Tahadhari ziko mbili. Ya kwanza ni rimu: tairi la 225 halipaswi kuvutwa juu ya rimu pana ya nyuma kupita kiasi kinachoruhusiwa, kwa hiyo utahitaji rimu nyembamba zaidi, zenye matundu ya nati, tundu la katikati na umbali wa kukaa ndani ya bodi unaofaa gari lako. Ya pili ni uzito, na inatupeleka mbele.

Hatua ya 5: Namba ya mzigo na herufi ya mwendo

Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 91H. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. 94 ni 670. 95 ni 690. Usishuke chini ya ile ya gari lako. Kwenye mfano wetu, 255/40R18 ya kawaida ilikuwa na 95, na 225/45R18 ya kawaida ina 91, hivyo nyuma ingepungukiwa. Tafuta 225/45R18 iliyoimarishwa, yenye 95.

Herufi: Q ni kilomita 160 kwa saa, T 190, H 210, V 240. Nchi nyingi za Ulaya huruhusu tairi la baridi kuwa na herufi ya chini kuliko ya gari, mradi ubandike mbele ya dereva kikumbusho cha mwendo wa mwisho. Hakuna anayehitaji V kwenye theluji.

Hatua ya 6: Umri, hasa ya mitumba

Kwenye ubavu tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi la baridi linaishi kwa ulaini wa mpira wake, na ulaini huo unapotea hata likiwa limekaa stoo. La miaka sita lenye kashata nzuri bado linaweza kuwa gumu kama ubao; bonyeza ukucha uone. Jipya huwa na kina cha milimita 8 au 9. Likifika 4, mimi huliondoa, hata kama sheria ya mahali inaruhusu 1.6. Kwa 1.6 kwenye theluji hilo ni tairi kipara.

Hatua ya 7: Rimu za pili

Ukiweza, nunua rimu nne kabisa. Kuvua na kuvisha matairi kwenye rimu zilezile mara mbili kila mwaka kunaumiza kingo za tairi na mfuko wako, na zile rimu nzuri za kiangazi zinaliwa na chumvi ya barabarani. Za chuma cha kawaida zinatosha. Gari likiwa na sensa za upepo ndani ya magurudumu, weka na hizo kwenye seti ya pili, au taa ya onyo itakaa imewaka majira yote na siku ya pancha ya kweli hutajua.

Hatua ya 8: Kufunga

Matairi mengi ya baridi yana mshale wa mwelekeo ubavuni. Fundi mwenye haraka huweza kulifunga kinyume, kwa hiyo zunguka gari ukague manne yote kabla ya kuondoka. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mapya ya misumari yaendeshwe kwa upole kilomita 500 za kwanza, bila kukanyaga mafuta kwa pupa, ili misumari ijikite.

Upepo hupungua kwa takriban bari 0.1 kila joto linaposhuka nyuzi 10. Ukijaza kwenye gereji yenye nyuzi 20 kisha ukatoka nje kwenye 10 chini ya sifuri, bari 0.3 zimekwisha kupotea. Pima matairi yakiwa yamepoa, nje, angalau mara moja kwa mwezi. Wale wanaopunguza upepo makusudi ili washike theluji barabarani wanajidhuru: tairi linabonyea, mikato inajifunga, na usukani unachelewa.

Vya nyongeza

Minyororo, ikihitajika, huvishwa kwenye magurudumu ya nyuma, na mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Hakikisha mapema kwenye kitabu kwamba saizi uliyochagua ina nafasi ya mnyororo, kisha jizoeze kuufunga mchana, mikono ikiwa na joto.

Mifuko ya mchanga kwenye pikapu husaidia kweli, ila ikae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, na ifungwe isirushwe mbele ukisimama ghafla. Ukiirundika mwisho kabisa wa gari, unainyanyua mbele na kuunyima usukani uzito, na mkia mzito ukishaanza kuyumba hauzuiliki kirahisi.

Mfumo wa kuzuia kuteleza uuache umewashwa. Wakati pekee ninaouzima ni gari likikwama kwenye theluji nzito, nikitaka kulibembeza mbele na nyuma. Likitoka, nauwasha palepale.

Theluji ya kwanza ikianguka, tafuta uwanja mpana usio na watu wala nguzo, mahali unaporuhusiwa. Nenda kilomita 20 kwa saa, funga breki, tazama ulipoishia. Rudia ukiwa 30. Kisha kata kona polepole, achia mafuta katikati yake, usikilize mkia unasema nini. Dakika ishirini za namna hiyo zitakufundisha umbali wa kuacha kati yako na gari lililo mbele yako.

Na joto likirudi juu ya nyuzi 7 siku nyingi mfululizo, yavue. Mpira laini huisha upesi kwenye lami ya moto na hurefusha breki. Yaoshe chumvi, uyaandike kwa chaki lipi lilikuwa nyuma kushoto na lipi mbele kulia, kisha uyaweke mahali pa giza, pakavu, penye ubaridi: yaliyo kwenye rimu yalazwe moja juu ya jingine, yasiyo na rimu yasimamishwe.